"Baba, Kandambili Nyingine Iko Wapi?"

Mjomba wangu alishuka kwenye Hiace pale stendi ya Mombo akiwa na kandambili moja. Ya mguu wa kushoto ilikuwa imemvuka mahali fulani kati ya Soni na bondeni, pengine wakati wa kupanda gari, pengine ndani ya gari lenyewe kwenye zile kona za mlimani, naye hakuwa na habari. Mimi niliyekuwa nikimsindikiza sikuona pia. Nilishughulika na mfuko wa nguo, chupa ya maji na kadi zake tatu za matibabu, na kwenye kadi zote tatu kulikuwa na neno lile lile: malaria.

Kichwa kilianza kumuuma msimu wa kupanda viazi. Kilikuwa na tabia yake. Kinamwamsha alfajiri, anatapika mara moja bila hata kusikia kichefuchefu, kisha kadiri jua linavyopanda kinapungua, na ikifika saa nne yuko shambani kama kawaida. Nyumbani walikiita kipandauso. Mahali alipotibiwa, ambapo sitapataja, alipewa dawa za malaria mara tatu, na mara mbili kati ya hizo hakutobolewa hata kidole. Ilipofika wiki ya nane ndipo tukaamua kumteremsha.

Kwenye benchi la wagonjwa pale Mombo tulimkuta kijana wa bodaboda. Alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama, anapiga magoti sakafuni, anajikunja huku ameshika ubavu wa kulia, jasho linamchuruzika hadi kidevuni. "Jamani nakufa! Sista, nakufa!" Watu walimpisha. Mama mmoja alianza kumsomea dua. Mjomba yeye aliegemea ukuta, ametulia kama mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzake.

Muuguzi wa zamu alikuwa mama wa makamo. Alimwendea kijana, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja, akamtia kipimajoto kwapani, akahesabu mapigo, akamuuliza maswali manne au matano ya haraka. Kisha akamwita mwenzake aandae sindano. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko ninavyoyasimulia. Halafu akageuka, macho yake yakateremka hadi miguuni kwa mjomba, akasimama.

"Shikamoo, baba. Kandambili nyingine iko wapi?"

Mjomba aliangalia mguu wake kwa mshangao wa kweli. Sijausahau uso ule. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wauguzi kila ninapopata nafasi, na kusoma vitabu vyao vya mafunzo, nikitaka kuelewa kwa nini katika ukumbi wenye mtu anayegaagaa sakafuni, mama yule alihangaishwa zaidi na mzee aliyenyamaza.

Jibu lake, kwa kifupi, ni kwamba jiwe la figo hupiga kelele na uvimbe wa ubongo hunong'ona. Kazi ya kwanza ya muuguzi, kabla ya daktari na kabla ya mashine yoyote, ni kutokubali kelele imchagulie mgonjwa. Kazi hiyo wao huiita tathmini. Kwenye ratiba ya mafunzo ni neno kavu. Kwenye benchi la Mombo ndiyo inayoamua nani arudi nyumbani na nani apandishwe gari la wagonjwa.

Tuanze na anayepiga kelele. Figo huchuja damu na kutoa mkojo, na mkojo huteremka kwenye kibofu kupitia mrija mwembamba sana. Jiwe likiingia kwenye mrija huo, mrija hujikaza kulisukuma, na maumivu huja kwa mawimbi: yanapanda, yanalegea, yanapanda tena. Huanzia ubavuni chini ya mbavu, yakazunguka kuelekea kinenani, kwa mwanamume hadi kwenye korodani. Mgonjwa hutapika. Na hatulii, hapo ndipo muuguzi mzoefu anapomtambua tangu mlangoni. Mtu ambaye kidole tumbo chake kimepasuka hulala kimya kama gogo, maana hata kitanda kikiguswa anaumia. Mwenye jiwe hutafuta mkao ambao haupo.

Lakini watu hawafiki wakisema "nina jiwe". Wanafika na maneno yao, na hapa ndipo ninapoona uuguzi ni kazi ya lugha kuliko tunavyodhani. Mwanamume atasema ana ngiri, au mshipa umemshuka, kwa sababu maumivu yameshuka kinenani. Mwanamke atasema chango. Maneno haya si upuuzi. Ni ramani ya maumivu iliyochorwa na wazee wetu. Ila ramani moja inafunika vijiji vingi. Ngiri inaweza kuwa utumbo uliochungulia kwenye kinena, inaweza kuwa jiwe, na kwa kijana inaweza kuwa korodani iliyojisokota, ambayo ikichelewa saa chache hufa. Chango la binti aliyepitisha siku zake linaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo huua kwa damu ya ndani huku ukumbi mzima ukidhani ni tumbo la kawaida. Kwa hiyo muuguzi hapingi neno la mgonjwa wala haliandiki tu likaisha. Analifungua. Limeanza lini? Limeanzia wapi, likaenda wapi? Mara ya mwisho kukojoa ni saa ngapi? Mkojo ulikuwa na rangi gani?

Swali la rangi lina uzito wa pekee Mombo. Huu ni mji wa mpunga wa umwagiliaji. Mifereji inapita, watoto wanaoga, vijana wanapandikiza miche wakiwa na maji magotini. Nchini Tanzania damu kwenye mkojo huweza kuwa kichocho kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kwa kichocho damu mara nyingi huja mwishoni mwa haja, matone mekundu, na mtu anaendelea na shughuli zake. Kwa jiwe damu hufuatana na yale mawimbi. Mengine yanaamuliwa na maabara, kwa hadubini na karatasi ya kuchovya kwenye mkojo, lakini maabara hupima kile ilichoombwa kupima. Muuguzi asipouliza kuhusu mfereji, hakuna atakayetafuta mayai ya kichocho.

Na kipimajoto kile cha kwapani? Nilidhani ni mazoea tu. Kumbe ndicho kilichokuwa swali kubwa kuliko yote aliyomuuliza kijana. Jiwe lenye maumivu bila homa ni mateso, lakini mara nyingi linaweza kusubiri. Jiwe lililoziba njia, mkojo uliokwama nyuma yake ukaingiwa na wadudu, homa ikapanda na mgonjwa akaanza kutetemeka, hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Usaha umefungiwa ndani ya figo, na dawa peke yake haifui dafu mpaka njia ifunguliwe. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza hata kuacha kulia. Presha inashuka, ngozi inakuwa baridi, anasinzia, na ndugu wanasema alhamdulillahi, sindano imefanya kazi. Hali kadhalika mtu asiyetoa mkojo kabisa, au aliyezaliwa na figo moja, au mjamzito: hao hawasubiri benchi.

Kijana wetu hakuwa na homa. Alichomwa sindano ya diklofenaki, baada ya kuulizwa kama ana vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo wa zamani, akapewa jagi la plastiki na kipande cha shashi. "Kila ukienda haja, pitishia humu. Usimwage kitu." Alimwangalia sista kama mtu aliyetaniwa. Vipande vya kisasa vya kuchujia vipo, lakini shashi inatosha, na nyumbani hata kichujio cha chai kinatosha, mradi kisirudi tena kwenye chai. Jiwe likipatikana linapimwa, na mengi hukutwa ni kalsiamu iliyoshikana na oksaleti. Likiwa chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Likizidi milimita 10 ni nadra litoke bila msaada wa wataalamu.

Nilimuuliza sista kwa nini hakumtundika kijana dripu ili jiwe lisukumwe. Alisema dripu ni ya mtu aliyeishiwa maji kwa kutapika, na kumjaza mtu maji katikati ya maumivu hakuliharakishi jiwe. Maji yana siku yake: siku zote nyingine. Nadhani kila dereva anayepita barabara kuu ya Chalinze kwenda Moshi na Arusha angepaswa kulisikia hili. Lushoto iko juu zaidi ya mita 1,300 na jioni watu wanavaa makoti. Mombo iko chini yake karibu kilomita moja kwa kwenda juu, na saa nane mchana lami inachoma. Wapo hapa wakata mkonge, waendesha bodaboda, wapakiaji wa malori, madereva wa mabasi wanaojinyima maji makusudi ili wasisimame njiani. Jasho linatoka, mkojo unabaki kidogo na mzito, chumvi zake zinagandamana. Aliyewahi kupata jiwe anashauriwa anywe hadi mkojo wa siku nzima uzidi lita 2 na uwe mweupe kama maji ya mchele ya mwisho. Apunguze chumvi. Akamulie ndimu au limau kwenye maji, kwa kuwa sitrati iliyomo huzuia chembe kushikana. Sisi wa Tanga hatuna kisingizio, Muheza iko jirani na machungwa yake. Na asiache maziwa wala dagaa kwa kuogopa kalsiamu, kwani kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo.

Sasa anayenong'ona.

Sista alimkalisha mjomba kwenye kiti, akavuta kiti chake mbele. "Baba, nyosha mikono mbele, viganja juu, kama unaomba dua. Sasa fumba macho." Mjomba, aliyekuwa akiswalisha mara kwa mara kijijini, alinyosha mikono vizuri kabisa. Nilihesabu moyoni. Kabla sijafika kumi, mkono wa kushoto ulianza kushuka. Haukuanguka, ulizama polepole huku kiganja kikigeukia ndani, kama mtu anayemwaga maji kidogo kidogo. Yeye macho yamefumbwa, anaamini mikono yote iko sawa. Kipimo hicho hakina gharama yoyote. Kinaonyesha udhaifu mdogo ambao mtu mwenyewe hajaujua, na kwa kuwa upande mmoja wa ubongo huendesha upande wa pili wa mwili, kiganja cha kushoto kilikuwa kikimwambia sista aangalie kulia.

Alimwambia atabasamu aonyeshe meno. Alimwambia afungue na kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto. Alimmulika mboni kwa tochi, moja baada ya nyingine, akilinganisha ukubwa na wepesi wa kusinyaa. Alisimama mbele yake, akatikisa kidole pembeni, kulia na kushoto, aone kama kuna upande asiouona. Kisha akanigeukia mimi, na maswali yakawa magumu.

"Mjomba wako amebadilika?"

Nilitaka kusema hapana. Halafu nikakumbuka soko la Soni. Huyu ni mtu aliyeweza kubishana na mnunuzi wa viazi asubuhi nzima kwa tofauti ya shilingi mia. Miezi ile ya karibuni alikuwa akipokea bei yoyote anayotajiwa. Nikakumbuka kwamba alimfokea mjukuu wake kwa kosa la kitoto hadi mtoto akakimbilia kwetu, na kwamba alisahau kufunga zizi mara mbili. Nyumbani tulishakaa kikao. Mmoja alisema ni uzee. Mwingine alisema amepagawa, apelekwe kwa mganga. Wa tatu alisema kwa sauti ya chini: Lutindi.

Msomaji wa nje ya Tanga huenda asijue uzito wa jina hilo. Lutindi ni hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko juu kwenye safu hii hii ya Usambara, upande wa Korogwe. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Wamisionari wake walihusiana na Bethel ya Bielefeld, Ujerumani, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Nayaheshimu sana yanayofanyika pale, ambako wagonjwa hulima, hufanya kazi za mikono na kuishi kama watu. Lakini jina la Lutindi limekuwa kwetu neno la mwisho la mazungumzo. Likishatajwa, hakuna anayeuliza tena kichwa kinauma saa ngapi. Uvimbe uliokaa sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kumbadilisha mtu tabia muda mrefu kabla haujamlegeza mkono, na tabia hiyo mpya huitwa kiburi, uchawi, pepo, wazimu. Ndiyo maana sista aliuliza kwa mfuatano: kipi kilitangulia, hasira au kichwa? Je, amewahi kuanguka degedege? Ilianzia wapi, mkononi, usoni, au mwili mzima mara moja?

Hilo la degedege wauguzi hulipa uzito kuliko sisi. Kifafa kinachoanza utotoni kina njia yake. Mtu mzima asiyewahi kuanguka, akaanguka kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 50, anahitaji kutazamwa ndani ya kichwa, na anayeshuhudia ndiye shahidi muhimu kuliko mashine. Kidole gumba kilichoanza kucheza peke yake kabla mwili haujafuata kinaonyesha mahali tatizo lilipo. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kuumiza, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, angalia saa, kumbuka kilianzia wapi. Na kwa watoto kuna onyo lingine: mtoto anayetapika kila asubuhi bila kuharisha, ambaye ameanza kuyumba akitembea au kuinamisha kichwa upande mmoja, asiishie kupewa dawa za minyoo.

Ikafika zamu ya maswali ya fahamu. "Baba, leo siku gani? Hapa uko wapi?" Mjomba alinyamaza. Akajibu kitu kwa Kisambaa, chini chini. Sista hakuwa Msambaa. Nilimwona ameshika kalamu juu ya jedwali, na nilijua tayari, kwa kule kunyamaza, kwamba alikuwa akichagua namba.

Jedwali lile lilitoka Glasgow, Uskoti, mwaka 1974, kazi ya madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Linapima fahamu kwa mambo matatu: macho kufunguka, hadi alama 4, maneno, hadi 5, mwendo wa viungo, hadi 6. Mzima kabisa ana 15, aliyezama kabisa ana 3. Mgonjwa anayejua yeye ni nani, yuko wapi na ni wakati gani hupata 5 kwenye maneno. Anayezungumza lakini amechanganyikiwa hupata 4. Hakuna aliyeandika kwenye jedwali lile la Glasgow nini cha kufanya na mzee wa mlimani ambaye akiogopa Kiswahili kinamkimbia.

Sista aliweka kalamu chini. "Amesema nini?"

Nikamwambia: amesema ni Jumatano, na hapa ni Mombo, ila hajui jina la nyumba hii kwa kuwa hajawahi kuingia. Ilikuwa Jumatano. Sista akamsalimia kwa Kisambaa kidogo alichojua, mjomba akacheka, naye sista akauliza tena kupitia mimi saa ngapi sasa. Mjomba alichungulia jua mlangoni, akasema saa tano kasoro. Ilikuwa saa tano kasoro. Sista akaandika 5. Jumla 15.

Alama ile moja ina maana kubwa. Mtu akianza na 15 ya kweli, halafu jioni akawa na 13, kengele inalia. Akiandikiwa 14 ya uongo asubuhi kwa sababu ya lugha, kushuka kwake jioni kunaonekana kudogo, na hakuna anayekimbia. Namba ya mara moja haina faida kubwa. Faida ni mwendo wake, saa baada ya saa, na mkono uleule au mkono uliokabidhiwa vizuri ndio unaoweza kuuona. Nimeelezwa pia kuhusu mtego wa saa zetu: ndugu anasema alianguka saa moja, muuguzi anayeandika kwa saa 24 lazima aulize, saa moja ya asubuhi au ya usiku? Saa kumi na mbili zinaweza kupotea kwenye faili kwa neno hilo tu.

Mimi, kwa upendo na kutojua, nilimwomba amtundike mjomba dripu ya glukosi apate nguvu. Alikataa kwa upole. Kichwa ni chumba cha mfupa, alisema, hakitanuki. Uvimbe ukiongezeka humo, na ubongo ukavimba kuuzunguka, hakuna pa kwenda. Sukari ya dripu hutumiwa na mwili, na maji yanayobaki huingia kwenye ubongo uliokwisha kuvimba. Alichofanya ni kuinua kichwa cha kitanda, kuweka shingo sawa isijipinde, na kumtoboa kidole apime sukari na malaria. Malaria haikuwepo.

Kisha alinifundisha dalili moja ambayo ingeweza kunidanganya. Shinikizo likizidi kichwani, presha ya damu hupanda, na mapigo ya moyo, badala ya kwenda mbio, hupungua. Pumzi nazo hupoteza mpangilio. Daktari wa Marekani Harvey Cushing aliyaeleza haya zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Ndugu aliyekaa kando ya kitanda akisikia mapigo yamepungua hufurahi, anasema mgonjwa amepumzika. Mboni moja ikiwa imetanuka kuliko nyingine, muda umekwisha kabisa. "Ukimwona amelala usingizi mzito gari likiwa njiani," alisema, "mwamshe. Muulize jina la mkewe. Asipojibu, mwambie dereva."

Rufaa ina umbali wake. Kutoka Mombo, Hospitali ya Magunga iko Korogwe, mwendo wa kilomita 40 hivi. Hospitali ya Bombo iko Tanga, takribani kilomita 130. Hospitali ya KCMC iko Moshi, takribani 200, nayo ina taasisi yake ya magonjwa ya njia ya mkojo kwa wenye mawe yasiyotoka. Kwa kichwa cha mjomba, baada ya CT-Scan, safari ilikuwa ya Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako ndiko upasuaji mwingi wa ubongo nchini hufanyika. Kiapo cha kale cha Hippocrates kinamtaka tabibu aape kwamba hatampasua mwenye jiwe bali atawaachia wenye ujuzi huo. Rufaa ni kongwe kuliko hospitali zenyewe.

Simulizi ya upasuaji wa ubongo iliyoitangaza Tanzania nje ni ya Haydom, Manyara. Mwaka 2006 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika katika hospitali ile ya Kilutheri na akamfundisha daktari msaidizi, Emmanuel Mayegga, kufungua fuvu na kufanya kazi iliyodhaniwa ni ya mabingwa peke yao. Kikaandikwa kitabu. Naipenda habari hiyo, inaonyesha kwamba ujuzi unaweza kuhamishwa. Ila kila ninapoikumbuka najiuliza ni nani alimwona mgonjwa kabla hajafikishwa kwenye meza ya upasuaji, na ni nani alihesabu mapigo yake saa tisa usiku baada ya wapasuaji kwenda kulala. Kisu kinaandikiwa kitabu. Jedwali la zamu ya usiku linatiwa kwenye faili, faili linatiwa kabatini.

Sina ugomvi na waliompa mjomba dawa za malaria. Kule alikotibiwa mtu mmoja alikuwa akichoma chanjo, akipima wajawazito, akigawa dawa na kuandika daftari. Lakini sitakubali nikiambiwa kilichokosekana ni mashine. Swali la "kinauma saa ngapi?" halihitaji umeme. Mikono ya dua haihitaji bajeti. Kinachohitajika ni muuguzi mwenye dakika kumi za mgonjwa mmoja, jedwali limebandikwa ukutani, kipimajoto kizima, shashi, karatasi za mkojo, na daktari anayepokea simu yake bila kumuuliza "una uhakika?" kwa sauti ya kumkatisha tamaa. Tukiajiri muuguzi mmoja mahali pa watatu, tunanunua CT-Scan ambayo mgonjwa hataifikia.

Barua ya mjomba ya rufaa ilikuwa karatasi moja, imeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu. Nilipiga picha kwa simu kabla hatujaondoka. Ina saa, presha, mapigo, joto, sukari, mboni, alama 15, na chini yake sentensi mbili: mkono wa kushoto unashuka macho yakifumbwa, amepoteza kandambili ya kushoto bila kujua. Tulipokuwa tukimpandisha kwenye gari, kijana wa bodaboda alitoka msalani mbio. Ameshika kizibo cha chupa kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba yai. Ndani ya shashi iliyolowa kulikuwa na kitu cha kahawia, chenye miiba, kidogo kuliko punje ya mchele. Alikuwa akikionyesha watu wote wa ukumbini, naye analia na kucheka.

Mjomba alipasuliwa Dar es Salaam. Uvimbe ulikuwa wa ile aina inayokua taratibu kwenye utando wa nje ya ubongo, ukatolewa. Mkono wa kushoto umerudi kiasi. Kifungo cha shati bado kinamchelewesha. Soko la Soni wanunuzi wanalalamika kwamba ameanza tena.

Mwaka uliofuata tulipita Mombo, akataka tusimame. Alikuwa na kikapu cha plamu za Lushoto na amevaa viatu vya kufunga kamba. Sista hakuwepo, alikuwa amemaliza zamu ya usiku. Mlinzi wa getini alikubali kupokea kikapu, akauliza aseme kimetoka kwa nani.

Mjomba alifikiri kidogo.

"Mwambie ni yule wa kandambili moja."